Nchi Kavu Kwanza, Meli Baadaye

9 Aprili, Riyadh

Kosa la watu wengi wanaopanga safari ya meli ya kaskazini ni kuanza na meli. Wanaona picha ya sitaha nyeupe na milima nyuma yake, wanalipia chumba chenye dirisha, halafu ndipo wanauliza watafikaje bandarini. Meli ina tarehe yake na haimngoji mtu. Treni ndizo zinazochelewa, hoteli ndizo zinazojaa, barabara ndizo zinazofungwa kwa mvua. Panga nchi kavu kwanza, acha siku nzima ya mapumziko katika mji wenye bandari, kisha ndipo utafute meli inayoondoka hapo.

Haya namwandikia Terry, tunayekaa naye meza jirani katika ofisi yetu ya safari hapa Sulimaniyah. Ameniomba nimwandikie safari moja siku kwa siku, tangu mteja anapoketi mpaka anaporudi, ajifunze kazi. Nilifundisha jiografia Tanga miaka mingi kabla ya kuja huku, na maradhi ya kueleza hayajanitoka.

Safari yenyewe ni ya Abu Turki, muuza vigae. Yeye, mkewe Madam Hessa, watoto watatu, na mama yake, Bibi Nura, anayekaa Jeddah. Bibi ndiye mwenye safari. Anataka kuona barafu ikielea baharini kabla hajafa, na magoti yake yamekwisha, anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Kwa hiyo anakwenda pia Lorine, mfanyakazi wa nyumbani, Mkenya wa Busia, awe wa kusukuma.

Nimechora hivi: ndege kutoka Jeddah hadi Oslo, treni ya milimani hadi Bergen, kisha meli mpaka visiwa ambako barafu haiishi hata Julai.

10 Aprili

Vumbi kutwa. Taa za magari ziliwashwa saa sita mchana.

16 Aprili

Madam Hessa alikuja kuchagua vyumba vya meli. Ni mwanamke mwenye adabu, ananiita ustadh, na maswali yake ni ya mtu aliyesoma. Lorine alisimama nyuma yake akiwa amemshika mkono mtoto mdogo. Mtoto akavuta glasi, maji ya machungwa yakamwagika juu ya ramani yangu. Madam alikuwa katikati ya sentensi kuhusu dirisha. Aligeuka, akampiga Lorine kofi la uso, akarudi akaimalizia sentensi yake. Kisha akasema, "Samahani, ustadh." Aliniomba mimi radhi, kwa ajili ya ramani.

Nilimweleza kwamba meli inahesabu vitanda, kwa hiyo yaya hawezi kulala sakafuni kwenye chumba cha watoto. Kila mwili lazima uwe na kitanda. Alishangaa kidogo, akakubali.

Tulipokuwa tukifuta ramani, Lorine aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, Terry ananiambia huko jua halizami. Ni ukweli?"

Nikamweleza jinsi dunia ilivyoinama, na jinsi kule juu jua linavyozunguka ukingoni mwa anga bila kushuka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa kama hakuna usiku," akasema, "mimi nitaambiwa saa ngapi nikalale?"

Nikaendelea kufuta ramani.

Walipoondoka Terry alitupa kalamu mezani. "Umeona hiyo?"

"Nimeona. Mtoto ni mtundu."

"Mwalimu! Macho yako yaliona mtoto, hayakuona kofi?"

Nilimwambia kofi moja halitoshi kumhukumu mtu. Akasema, "Aki wewe na haki zako. Ngoja basi uone la pili."

24 Aprili

Nimeongea na Bibi Nura kwa simu. Anataka kujua kama barafu ina harufu. Nilisema sijui, nitauliza.

9 Mei, Ijumaa

Baada ya sala nilikwenda Manfuha kula wali kwa mama mmoja Msomali. Hapo nilimkuta Jeremiah, dereva wa Abu Turki, Mkisii mwenye kelele. Sijawahi kumpenda. Akisimulia kitu, kila gari lilikuwa likienda kasi kuliko magari yote na kila polisi alimwogopa.

"Mwalimu wa meli!" akaita. "Keti, nikuambie kuhusu wateja wako. Hiyo pasi ya umeme ya nyumba yetu siku hizi hainyooshi nguo peke yake. Inanyoosha watu."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, lakini sikuamini pia. Nilimwambia asichezee jina la watu waliomwajiri.

"Sawa, ustadh," alisema, akiiga sauti ya madam vizuri kabisa. "Kula wali wako."

19 Mei

Leo ilikuwa siku ya alama za vidole kwenye kituo cha viza. Terry, kumbuka hili: karatasi zote unaweza kuzijaza wewe, lakini vidole haviwakilishwi. Kila msafiri aende mwenyewe, awe tajiri au mtumishi.

Abu Turki akapita, mkewe akapita, watoto wakapita. Lorine akaweka vidole juu ya kioo, mashine ikakataa. Akaweka tena, ikakataa. Karani alifuta kioo, akamfuta Lorine vidole kwa kitambaa, Lorine akavuta pumzi kwa meno kama mtu aliyekanyaga moto. Karani akageuza kiganja chake juu. Nilikuwa nimesimama hatua moja tu.

Ncha za vidole vya mkono wa kulia zilikuwa zimeungua zote, zimeota ngozi nyororo nyekundu isiyo na mstari hata mmoja. Majeraha yalikuwa yamelingana sawasawa. Mtu anayeungua kwa bahati mbaya hutoa mkono haraka. Huu ulikuwa mkono ulioshikiliwa.

"Mzembe jikoni," Madam Hessa alisema, akitabasamu.

Karani hakutabasamu. Alisema arudi ngozi ikipona, na kama alama hazitapatikana hakuna viza. Madam akaniuliza mimi, kwa adabu ileile, ngozi huchukua muda gani.

Nilirudi ofisini nikakuambia, Terry, kuwa ulikuwa umesema kweli, na Jeremiah pia. Hukunizomea. Ulininunulia chai.

20 Mei

Sikufanya kazi.

25 Mei

Jeremiah anasema tangu siku ile mikono ya Lorine haijaguswa. Amepewa na mafuta ya kupaka. Anapigwa mgongoni na kwenye nyayo, kwa waya wa kuchajia simu, madam akimwambia, "Mikono ficha, mikono ya safari hiyo." Zamani ningedhani Jeremiah anatia chumvi. Safari hii alisema kwa kunong'ona, na mtu mwenye kelele akinong'ona unamsikiliza.

Nilimtumia Lorine ujumbe kupitia kwake: aende ubalozini. Jibu likarudi siku hiyohiyo: "Nikitoka kwa mlango bila pasipoti, kafili, bosi aliyenidhamini, anasema nimetoroka. Nitageuka mimi ndio mwenye makosa. Nataka kutoka nikiwa na karatasi zangu."

Hilo ndilo analotaka. Si barafu, si kubaki Norwe. Anataka kufika kwao Busia akiwa hai, kwa mlango wa mbele.

3 Juni

Tumerudi kwenye vidole. Abu Turki hakuja, alikuja madam peke yake. Mashine ilisoma vidole viwili, ikakataa, ikasoma vitatu, mwishowe ikaridhika. Karani aliniomba nimtafsirie Lorine tamko la mwisho kabla hajatia sahihi, kwa kuwa Kiarabu chake ni cha jikoni.

Nikamtafsiria. Kisha, kwa kuwa ndiyo kawaida yangu, nikaendelea kueleza.

"Sikiliza, mwanangu. Viza hii ni ya kuingia kule. Ya kutoka hapa ni kitu kingine. Kafili wako ataitoa kwa simu yake, siku chache kabla ya safari. Inaitwa ruhusa ya kutoka na kurudi. Ruhusa hiyo haitaji Norwe. Haitaji mji wowote. Inasema tu kwamba mwenye pasipoti hii anaruhusiwa kutoka nchini kabla ya tarehe fulani. Askari wa mpaka anatazama ruhusa, hatazami ndege."

"Unamwambia nini?" Madam Hessa aliuliza, akiwa karibu nasi.

"Masharti ya safari, madam."

"Mweleze vizuri. Kichwa chake kizito."

"Namweleza vizuri."

Lorine alikuwa amekazia macho karatasi. "Mwalimu," akasema, "rudia hapo kwa ndege."

Nikarudia.

7 Juni

Idi. Bibi Nura kapiga simu kunipa mkono wa sikukuu. Aliuliza tena habari ya harufu.

15 Juni

Viza zimetoka zote. Madam ameagiza makoti ya sufu, kila mmoja lake, jekundu, ili wasipoteane juu ya barafu. Nje ni nyuzi arobaini na tano.

21 Juni

Nitaandika hii polepole, Terry.

Nilikwenda nyumbani kwao adhuhuri kupeleka tiketi za treni. Jeremiah alikuwa kwenye kivuli cha lango. Hakunisalimu. Alisema, "Mwalimu, angalia juu."

Juu ya dari, kwenye paa bapa penye matangi ya maji, alisimama mtu mwenye koti jekundu. Kofia ya koti ilikuwa imefungwa chini ya kidevu, na mikono imo ndani ya glovu nene. Hakuwa anasogea. Zege lile, saa ile, ukiweka yai linaiva.

"Alichoma kola ya koti la mtoto kwa pasi," Jeremiah alisema. "Madam akamwambia, ulitaka kuonja baridi, onja joto kwanza. Yuko hapo tangu saa nne. Mlango wa dari umefungwa kwa ndani."

"Bosi yuko wapi?"

"Ndani. Anakula."

Niligonga, nikapokelewa. Nilimwomba Abu Turki, kwa maneno yote ya heshima ninayoyajua katika Kiarabu, amteremshe binti wa watu. Alinisikiliza akimenya chungwa. Akasema mambo ya wanawake wa nyumba ni ya mkewe. Akasema, "Na tiketi za treni, ustadh? Viti vya dirishani?"

Nilipokuwa bado namtazama, tulisikia kishindo ngazini. Jeremiah alikuwa ameuvunja mlango wa dari kwa bega. Alishuka akiwa amembeba Lorine kama mtu anayebeba godoro lililolowa. Uso wa binti ulikuwa wa rangi ya majivu, midomo imepasuka, na hakuwa na jasho tena, jambo ambalo ni baya kuliko jasho. Jeremiah akamlaza juu ya marumaru ya ukumbini, akaanza kumkatakata koti kwa kisu cha matunda.

Abu Turki aliona koti likikatwa. Hapo ndipo aliposimama.

Alitoka nje akarudi na chuma cha jeki ya gari. Pigo la kwanza lilimpata Jeremiah begani, akaendelea kukata. La pili lilimpata kwenye taya, nikasikia mfupa. Jeremiah alianguka juu ya miguu ya Lorine, na Abu Turki akampiga mbavuni mara nyingi bila kusema neno, akipumua kwa pua kama mtu anayepakia vigae. Watoto walikuwa ngazini. Mkubwa alikuwa anarekodi kwa simu. Niliushika mkono wa Abu Turki kwa mikono yangu miwili, akanikung'uta nikagonga kabati la vyombo, na sahani zikanimwagikia.

Aliacha alipochoka. Aliweka chuma juu ya meza, karibu na maganda ya chungwa, akaniambia, "Mwondoe huyu dereva. Halas." Kisha akamtazama Lorine, ambaye alikuwa ameanza kutapika maji niliyompa. "Huyu abaki. Mama yangu anahitaji wa kumsukuma."

24 Juni

Jeremiah yuko Manfuha, taya limefungwa kwa nyaya. Hataki polisi, ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ilikwisha mwaka jana na bosi hakuihuisha, kwa hiyo atakayekamatwa ni yeye. Aliniandikia kwenye simu: "Mwambie Terry niliuvunja mlango kwa bega moja tu." Nikacheka, naye akataka kucheka, akaumia.

25 Juni

Nimempigia Bibi Nura. Nilimweleza kila kitu, dari, koti, chuma, vidole. Ni mwanawe, kwa hiyo nilitegemea anikatie simu. Badala yake aliuliza, "Uwanja wa ndege, watu wa viti vya magurudumu wanapita wapi?"

Nikaeleza. Terry, hili nalo ni la kujifunza. Ukiomba huduma ya kiti, mhudumu wa uwanja anamchukua mgonjwa na msindikizaji wake mmoja, pamoja na pasipoti zao mbili, anawapitisha njia fupi mbele ya familia. Familia wanapanga foleni ndefu, wanakutana upande wa pili.

"Msindikizaji wangu awe Lorine," Bibi alisema. "Andika hivyo."

Nikaandika hivyo.

1 Julai

Abu Turki ametoa ruhusa ya kutoka na kurudi. Lorine ameruhusiwa.

4 Julai, Jeddah

Nimekuja kusimamia mizigo. Joto la huku ni la maji, shati linaganda mwilini kabla hujafunga mlango. Nimefikia Bani Malik kwa Zeinab, mtu wa Mombasa, muuguzi. Yeye na wenzake wameshamlipia Lorine tiketi ya Nairobi. Ndege inaondoka muda mfupi baada ya ile ya Oslo kufungua mlango. Kibali chake cha kupandia ndege kiko ndani ya simu ya Bibi Nura.

"Na wewe, mjomba, wakijua?" Zeinab aliniuliza.

"Mimi nimeeleza masharti ya safari."

"Haya. Na meno yako yote bado unayo?"

5 Julai

Mchana nyumbani kwa Bibi. Lorine alipokuwa akikunja mablanketi, moja liligusa sakafu. Madam Hessa aliuchukua mkongojo wa Bibi ulioegemea kochi, akampiga nao shingoni, mgongoni, na alipoinama, kisogoni. Damu ilitoka sikioni. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, hawezi kusimama. Alijisukuma kwa mikono mpaka katikati yao, pigo lililofuata likamshukia yeye kwenye goti.

Madam aliushusha mkongojo.

"Huo mkongojo ni wangu," Bibi alisema. "Nipe."

Madam aliurudisha kwa mikono miwili, akambusu Bibi kichwani, akalia kwa kuomba radhi. Hakuna aliyemwomba Lorine radhi. Zeinab, niliyekuja naye kama muuguzi wa Bibi, alimsafisha sikio jikoni, akasema anaweza kuruka.

6 Julai

Mambo yalikwenda kama nilivyoyapanga, na ndani yake yakatokea ambayo sikuyapanga.

Mhudumu akaja na kiti, akaomba pasipoti mbili. Madam alifungua mkoba wenye pasipoti zote, akatoa ya Bibi na ya Lorine, akampa bila kutazama, kwa kuwa mtoto alikuwa analia. Wakaondoka. Lorine alisukuma kiti mwenyewe. Hakugeuka. Familia wakaingia foleni yao. Mimi nikabaki upande wa waagaji, nikinunua maji ambayo sikuyanywa.

Baadaye simu ikaita. Ilikuwa ya mhudumu, na sauti ya Bibi: "Njoo unichukue."

Alinisimulia ndani ya teksi. Walipovuka askari wa mpaka, Lorine aliganda, akasema hawezi kumwacha. Bibi akampa simu na pasipoti, akamwambia, "Yalla, nenda, kabla sijabadili mawazo." Akaenda. Familia walipofika wakamkuta Bibi peke yake. Mlango wa Nairobi ulikuwa umekwisha kufungwa.

Madam alipiga ukelele mpaka abiria wakageuka. Abu Turki alimpiga mkewe kofi hapohapo, mbele ya watoto, akamwambia ni yeye aliyetoa pasipoti. Akampiga tena, pete ikampasua mdomo. Walinzi wakaja. Bibi alimtazama madam akishika mdomo wake kwa mkono wenye damu, na anasema kwa mara ya kwanza alimwonea huruma.

Kisha wakaanza kubishana nani atasukuma kiti. Hakuna aliyetaka, na hakuna aliyejua hata kufungua breki. Mwito wa mwisho wa ndege ya Oslo ukatoka. Abu Turki akamwambia mama yake, "Meli haingoji, mama." Wakapanda.

Wamekwenda kumwonyesha Bibi barafu, na Bibi wamemwacha.

Teksi ilipokaribia kwake, aliniambia, "Ustadh, hukunijibu habari ya harufu."

Nilikuwa nimeuliza. Nilimweleza kwamba barafu ya bahari ikiwa nyeupe kabisa haina harufu, ila inapopasuka hutoa harufu ya chumvi ya zamani na ya magugu yaliyogandia ndani yake. Alifumba macho, akatikisa kichwa kukubali.

7 Julai

Ujumbe kutoka namba ya Kenya. "Nimefika. Nimelala mpaka nikaamka mwenyewe. Lorine."

23 Julai, Riyadh

Wamerudi jana. Leo Abu Turki alikuja ofisini. Terry, ulikuwepo, lakini ulikuwa chini ya meza kunitafutia miwani, kwa hiyo nakumalizia. Ngumi ya kwanza ilivunja miwani. Ya pili ilivunja meno mawili, kwa hiyo swali la Zeinab limepata jibu. Alinishika kola akauliza, "Ulimwambia nini yule msichana?" Nilimwambia ukweli, kwa mdomo uliojaa damu: nilimweleza masharti ya safari, na mkewe alikuwepo, akaniambia nimweleze vizuri. Alinipiga tena. Nilianza kumweleza tofauti ya viza na ruhusa ya kutoka, akaondoka kabla sijafika katikati.

Bosi wetu, ambaye si mtu mbaya, alilia aliponipa karatasi ya kuondoka nchini moja kwa moja, bila kurudi.

27 Julai

Naondoka kesho kwenda Tanga. Jeremiah amejisalimisha kwa njia ya ubalozi, naye anangoja zamu yake ya kurudi. Bibi Nura ameagiza barafu ya gari la samaki, imewekwa kwenye beseni barazani kwake, anaitia miguu. Anasema harufu ni ya samaki, lakini inatosha.

Meza yangu nakuachia, Terry, na faili lililo juu yake. Ni familia ya watu saba, wanataka kaskazini mwezi wa Agosti, na jina la saba limeandikwa tu "yaya". Umeshaanza kutafuta meli, nimekuona. Iache. Leo, kabla ya adhuhuri, piga simu nyumba ile, omba uongee na huyo wa saba mwenyewe, umuulize jina lake.